Siku Tatu Ngulia, Kwenye Mapito ya Ndege

Katika safari tulizojaaliwa kuzifanya, nyingi zimekuwa za kwenda kwenye Maulidi, harusi au matanga, na chache mno za kwenda kutazama tu. Hii tunayowasimulia wasomaji wetu leo ni katika hizo chache. Ilikuwa mwishoni mwa Mfunguo Sita, yaani Novemba mwaka 2019, kiasi cha wiki mbili baada ya Maulidi, mwaka ule ambao mvua za vuli zilinyesha kupita kiasi. Tuliondoka Mombasa asubuhi kwa treni ya reli mpya, ile iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, tukateremka Mtito Andei, na hapo tukapokewa na kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu chuoni zamani.

Kijana huyu ametuomba tusimtaje jina. Alipokuwa mdogo alipenda kukaa kwenye jamvi karibu na dirisha, na macho yake hayakuwa kwenye msahafu bali kwenye mwembe wa jirani, walikotua ndege. Tulimvuta sikio kwa ajili hiyo, wala si mara moja. Leo kazi yake ni hiyo hiyo ya kutazama ndege, na kila mwaka huenda kuwasaidia wataalamu wanaowavisha ndege pete huko Ngulia, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Alituletea ujumbe: "Maalim, njoo uone mwenyewe nilichokuwa nikikitazama." Ujumbe kama huo haukataliki.

Kutoka Mtito Andei njia yaingia mbugani kwa udongo mwekundu, na kwa mvua za mwaka ule ulikuwa umegeuka kuwa uji. Gari ilikwama mara mbili, na mara ya pili tulishuka sote, sisi na kanzu yetu, tukasukuma. Mibuyu ilikuwa imechipua majani, na vichaka ambavyo wakati wa kiangazi huwa vijiti vitupu vilikuwa vimevaa kijani. Jioni tukafika kwenye nyumba ya wageni iliyojengwa ukingoni mwa mteremko mkubwa, nyuma yake vilima vya Ngulia, na mbele yake bonde tambarare ambalo jicho halifiki mwisho wake.

Nyumba hii ilifunguliwa mwaka 1969. Wenyewe walifunga taa kali zinazomulika nje, ili wageni wakae barazani usiku na kuwaona tembo na nyati wakija kunywa maji. Hawakukusudia kuwaita ndege. Lakini mara ikaonekana kwamba katika usiku wa Novemba na Desemba, ukungu unapoufunika ule ukingo na mwezi haupo, ndege wadogo huporomoka kutoka juu kwa maelfu na kuizunguka mianga ile kama kumbikumbi. Kumbe mahali pale pako chini ya njia yao kuu ya angani. Tangu mwaka ule wa 1969 wataalamu huja kila msimu, hutega nyavu, humvisha kila ndege pete ndogo ya bati jepesi yenye namba, humpima, kisha humwachilia. Waliokwisha kuvishwa ni mamia ya maelfu, na pete zao zimepata kuokotwa Bara Arabu, na Ulaya ya Mashariki, na Urusi.

Jambo moja lilitufurahisha sana. Wataalamu hawa hupanga safari yao kwa kuhesabu mwezi mwandamo, kwani usiku wenye mbalamwezi ndege huona njia na hupita bila kushuka. Basi kalenda yao na yetu, kwa wiki mbili hizo, ni moja.

Usiku wa kwanza hatukuona hata unyoya. Mbingu ilikuwa safi, nyota zimejaa kama mchanga, na kijana wetu akatuambia kwamba bila shaka wako juu wanapita, ila hawana haja na sisi. Tukakaa barazani na chai ya tangawizi, tukaanza mazungumzo ambayo yalituchukua hata karibu na alfajiri.

Tulimwuliza swali ambalo nadhani kila mwalimu angeliuliza: Ni nani anayewafundisha njia? Tukalijibu wenyewe kabla yeye hajafungua kinywa, kama ilivyo desturi yetu mbaya. Tukasema kwamba bila shaka wazee hutangulia na vijana hufuata, kama vile nahodha mwenye kuijua pwani ya Arabuni na Ras Hafun anavyokuja na mabaharia wapya kwa pepo za kaskazi, na msimu baada ya msimu wale wapya nao huwa manahodha.

Akatikisa kichwa kwa adabu. "Sivyo, Maalim. Bata bukini na korongo ndivyo wafanyavyo. Lakini hawa wadogo, wengi wao husafiri usiku, kila mmoja peke yake, na mara nyingi wazazi huwa wamekwisha ondoka kabla ya watoto."

Hatukukubali upesi. Tumefundisha zaidi ya miaka thelathini, na mtaji wetu wote katika kazi hii ni imani kwamba mtoto hajui ila alilosomeshwa. Kumwambia mtu kama sisi kwamba kifaranga wa miezi mitatu, mwenye uzito wa vijiko viwili vya sukari, aondoka peke yake katika giza kutoka Ulaya na kufika Afrika bila ya mwalimu, ni kumwondolea jamvi alilokalia.

Asubuhi kulikuwa hakuna kazi, kwa hiyo alitusomea na kutueleza mengi. Alianza na Mholanzi aitwaye Perdeck, ambaye habari zake zilitangazwa mwaka 1958. Mtu huyu aliwakamata kwezi zaidi ya 11,000 waliokuwa safarini wakipita Uholanzi, akawapakia katika ndege ya kuruka, akawapeleka Uswisi na kuwaachilia huko. Waliozoea safari, yaani wale wazee, walitambua kwamba wametolewa njiani. Wakageuka kaskazini-magharibi wakarejea kwenye mahali pao pa majira ya baridi, kaskazini ya Ufaransa na kusini ya Uingereza. Lakini vijana, ambao hawajapata kusafiri, walishika upande ule ule waliokuwa wakiufuata tangu mwanzo, kana kwamba hapana aliyewahamisha, nao wakaishia kusini ya Ufaransa na Hispania. Na miaka iliyofuata wengine wao walirudi huko huko Hispania.

Tulimwomba arudie habari hii mara mbili. Maana yake ni kwamba kijana huzaliwa na mwelekeo tu: shika upande huu, kwa muda wa siku kadha wa kadha. Hana ramani. Ramani huipata kwa kupita, na akishapita mara moja anayo. Hapo kidogo roho yetu ilitulia, kwani mafunzo yalipata nafasi yake, ijapokuwa si ile tuliyoitaka sisi.

Usiku wa pili ukungu ulikuja. Ulipanda kutoka bondeni baada ya saa sita, mzito kiasi kwamba taa zilionekana kama mayai. Kwanza tulisikia sauti nyembamba juu yetu, moja hapa na moja kule. Kisha wakaanza kuonekana, wakizunguka katika mwanga, weupe kwa chini, wengi hata hatukuweza kuhesabu. Wengine walitua juu ya ukuta wa baraza hatua mbili kutoka miguuni petu, wakihema. Mbweha wa mbuga na kanu hawalali usiku kama ule, kwani riziki imewashukia. Kwa sababu hiyo wavishaji huzilinda nyavu zao kwa tochi na huwatoa ndege haraka. Nyavu zenyewe ni za nyuzi nyembamba mfano wa utando wa buibui. Tulisali alfajiri kwenye kona ya baraza, na tulipomaliza mifuko ya nguo yenye ndege ilikwisha tundikwa kwa safu kwenye kamba, kila mmoja ukitikisika.

Kijana wetu akatuwekea mmoja mkononi. Alikuwa wa rangi ya kahawia iliyofifia, tumbo la manjano hafifu, asiye na pambo lolote. Mtu angempita njiani asigeuze shingo. Uzito wake gramu 12. Alimtazama manyoya na macho, akasema huyu ni wa mwaka huu, hajapata kuiona Afrika kabla ya safari hii. Ndege hawa hutaga kwenye magugu ya mabondeni Ulaya. Mwezi wa Agosti huondoka, hupitia Mashariki ya Kati na Bahari ya Shamu, hukaa Habasha na Sudani miezi miwili au mitatu, kisha mvua za kwetu zinapoanza hushuka tena kupitia hapa Ngulia kuelekea Malawi, Zambia, Msumbiji na nchi za karibu nazo.

Na ndege huyu ana habari ya ajabu kuliko wote. Mwaka 1979 bibi mmoja mtaalamu, Françoise Dowsett-Lemaire, alieleza jinsi alivyowasikiliza madume wake huko Ubelgiji, akatambua kwamba wimbo wao karibu wote ni wa kuiga. Kila dume huiga ndege wa aina kama 76 hivi, na zaidi ya nusu yao ni ndege wa Afrika. Baba zao hunyamaza mapema, vifaranga wakingali wadogo, hata hakuna wa kuwasomesha. Basi huchukua sauti za jirani huko Ulaya, kisha sauti za ndege wa njiani na wa huku kwetu, na kwa wimbo huo wa mchanganyiko dume humposa mke akirejea. Bibi huyo aliweza hata kuibaini njia waliyopita kwa kusikia ni sauti za ndege wa nchi gani wamezibeba.

Tazameni basi, katika kiumbe mmoja wa gramu 12: wimbo amejifunza, njia amerithi. Sisi tungalikisia kinyume chake.

Lakini yajulikanaje kwamba amerithi? Tuliuliza hivyo, nasi twadhani msomaji naye anauliza. Jawabu lake liko Ujerumani, penye ziwa la Konstanz, ambako Peter Berthold na wenziwe walifuga kwa miaka mingi ndege mdogo ambaye dume lake lina utosi mweusi kama aliyevaa kofia, na jike lina utosi wa kahawia. Ndege huyu anafaa kwa uchunguzi kwa sababu hana tabia moja. Wa Ujerumani huhama. Wa visiwa vya Cape Verde hawahami kabisa. Wa kusini ya Ufaransa, wengine huhama na wengine hukaa.

Ndege wa kuhama akifungiwa kizimbani, msimu unapofika huwa hatulii usiku. Hurukaruka na kupigapiga mbawa usiku baada ya usiku, hata kama amelelewa kwa mkono tangu yai na hajapata kuona mwenziwe akiondoka, na hutulia karibu na wakati ambapo wenziwe wa porini wangekuwa wamefika. Upande anaoutaka nao hupimika. Humtia katika chombo mfano wa faneli kilichotandikwa karatasi, kina wino chini, na kila arukapo kucha zake huandika. Ukifungua karatasi asubuhi wasoma alikotaka kwenda. Tuliipenda sana hila hii, kwani wino na karatasi ndivyo vyombo vyetu.

Basi waliwaoza ndege wa kuhama kwa ndege wa visiwani wasiohama, na baadhi ya watoto wakaonyesha ile hali ya kutotulia usiku. Andreas Helbig naye, mwaka 1991, alieleza habari za kuwaoza ndege wa Ujerumani, ambao hushika kusini-magharibi kuelekea Hispania, kwa ndege wa mashariki ya Austria, ambao hushika kusini-mashariki na kuja upande wetu huu wa Afrika. Watoto wao walielekea wapi? Kusini moja kwa moja, katikati ya baba na mama. Wangaliachwa waende, njia yao ingewapitisha juu ya milima ya Alps, kisha bahari, kisha jangwa la Sahara mahali lilipo pana. Mwelekeo huwa umeandikwa katika maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili, ambayo wataalamu huyaita jeni, na mtoto hupewa nusu na huyu na nusu na yule.

Hapo kijana wetu alisita. Tulijua neno lililomkaa mdomoni, naye alijua kwamba tunalijua. Tukamwambia: "Sema, mwanangu. Hatuvuti masikio tena." Akasema: "Mageuzi, Maalim." Kisha akatueleza kwa mfano wa mfugaji. Wale ndege wa kusini ya Ufaransa, ambao robo tatu yao huhama na robo hukaa, Berthold aliwagawa mafungu mawili, wahamaji wakaoana wenyewe na wakaaji wenyewe. Kwa vizazi vitatu tu fungu moja lilikuwa karibu lote la wahamaji, na kwa vizazi kama sita fungu la pili likawa karibu lote la wakaaji. Kila mwenye kufuga mbuzi Lamu au kuku Malindi aweza kulifahamu jambo hili, kwani ndilo alifanyalo akichagua beberu. Tofauti ni kwamba porini mwenye kuchagua ni baridi, njaa na mvua.

Na si jambo la zamani tu. Zamani ndege hawa wenye kofia walikuwa nadra Uingereza wakati wa baridi. Tangu miaka ya 1960 wakaanza kuongezeka huko, ambako watu huwawekea chakula bustanini na baridi imepungua ukali. Berthold aliwachukua baadhi, akawazalisha Ujerumani, na mwaka 1992 akatangaza kwamba watoto wao, wasiopata kuiona Uingereza, waliandika kwenye karatasi zao magharibi na kidogo kaskazini. Katika muda wa miaka kama thelathini, mwelekeo mpya ulikuwa umekwisha kuwa urithi. Bila shaka hapo kale alikuwako mmoja au wachache waliokosea njia, na makosa yao yakawafaa.

Baada ya safari yetu kijana ametuletea habari nyingine, ya mwaka 2023, ya ndege mdogo wa gramu 9 au 10 ambaye hata katika mikarafuu na mikorosho yetu hupatikana, akitafuta wadudu majanini. Wa kusini ya Uswidi huenda Afrika Magharibi. Wa kaskazini ya nchi hiyo hiyo huja kwetu na kuendelea kusini. Katikati ya Uswidi wanakutana na kuoana. Wataalamu wa huko waliwafunga vyombo vya kupimia mwanga, vidogo mno, kisha wakayasoma maandishi yao ya urithi, wakaona kwamba sehemu mbili tu katika maandishi yote hayo zaeleza sehemu kubwa ya sababu ya huyu kwenda magharibi na yule mashariki. Mbili tu! Tulidhani ni kitabu kizima.

Asubuhi ya pili, kabla ya kuwaachilia, mzee mmoja katika wavishaji alituonyesha ndege mwingine anayefanana na yule wa kwanza, ila mdomo wake ni mrefu na rangi yake ni ya kijivu zaidi. Huyu hutaga kwenye matete ya Iraki, karibu na Basra, na huja kukaa Afrika Mashariki, hata katika vichaka vya Tana. Katika miaka ya 1990 serikali ya Saddam Hussein iliyakausha maziwa yale ya matete, na wakaazi wake, watu na ndege, wakatawanyika. Sehemu ya maji ikarudishwa baada ya mwaka 2003. Idadi ya ndege hawa ni ndogo, nao wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini. Tulimshika kwa hofu kuliko wa kwanza. Urithi wake wamwamuru kurudi Basra mwezi wa nne, kuwe na matete au kusiwe.

Swali hilo lilitusumbua hata tulipokuwa tukinywa uji. Je, maandishi haya yaweza kwenda mbio kama dunia inavyokwenda sasa? Kijana alikuwa na majibu mawili, moja chungu. Kuna ndege mweusi na mweupe wa Ulaya, mla wadudu, ambaye huenda Afrika Magharibi. Huko Uholanzi siku za joto zimetangulia na viwavi wa kulishia watoto hutoka mapema, naye hufika wakati wamekwisha. Mahali ambapo viwavi walitangulia zaidi, idadi yake ilipungua kiasi cha tisa katika kumi, kama ilivyotangazwa mwaka 2006. Na la pili: ndege wa aina hiyo hiyo walilelewa ndani ya chumba Ujerumani mwaka 1981, na wengine wa mahali pale pale wakalelewa kwa namna ile ile mwaka 2002. Saa iliyo ndani ya miili yao, ambayo hakuna jua wala joto la nje lililoigusa, ilikuwa imetangulia siku tisa hivi. Habari hiyo ilitoka mwaka huo huo wa safari yetu. Siku tisa kwa miaka 21 si haba, lakini wale viwavi nao hawakusimama kuwangojea.

Ndege wetu wa kwanza alivishwa pete, akaandikwa daftarini, akatolewa nje. Tulifungua kiganja. Hakuruka mbali, aliingia katika kichaka cha mkambala kilicholowa, akajipangusa mdomo kwenye tawi, akaanza kutafuta wadudu. Mchana kutwa vichaka vyote vilivyozunguka nyumba vilijaa namna hiyo, kila tawi likitikisika bila upepo, na tulikaa kwenye kiti tukitazama kwa muda ambao tungaliona aibu kuutaja.

Usiku wa tatu mbingu ikafunguka. Tulipoamka kwa ajili ya swala na kutoka barazani na tochi, vichaka vilikuwa vitupu.